Betri Nilizozitoa Redioni

Kitale, Jumatatu

Dada Fardosa mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Bungoma, na kwamba lile goti limepoa. Sisi huku tu wazima, mvua inanyesha na cherehani haipumziki. Usishangae kupata barua siku hizi. Kwa simu ungenikatia kabla sijamaliza.

Dada, suruali za bagi zimerudi! Vijana wananiletea suruali za kubana ati niwaongezee vitambaa pembeni zipanuke. Nacheka peke yangu. Si unakumbuka yangu ya mwaka wa tisini na sita, iliyofagia soko zima la Bungoma? Na nywele zako za karikiti, zilizopaka mafuta kila mto nyumbani hadi Mama akakununulia kofia ya nailoni?

Jumamosi vijana hao walifanya sherehe ya mavazi ya zamani, wakaniomba niwe jaji. Nani nikamkuta pale? Naim! Yule aliyekuwa akikutumia kadi za salamu zisomwe redioni kila Jumapili. Kichwa kimekuwa cheupe, bana, lakini shati bado anachomekea. Alifiwa na mkewe miaka minne iliyopita. Tukinywa chai akaniuliza kwa upole mbona hukujibu kadi yake ya Jumapili ile baada ya Idd, ambamo alikuuliza kama unakubali alete posa. Alingoja jibu mwezi mzima, akaona umemkataa. Chai ilinishinda.

Dada, wewe hukuisikia kadi hiyo. Redio yetu ilinyamaza siku ile, ukaanika betri juani huku unalia, ukidhani zimeisha. Hizo mbovu niliziweka mimi. Nzima nilizipeleka kwa kina rafiki yangu Mukhisa tupige kaseti, tujifunze kucheza. Na kule jirani yao alikuwa amefungulia redio kwa sauti, kadi nikaisikia yote. Nikanyamaza. Mwanzo niliogopa fimbo ya Baba, baadaye nikaona haya, na miaka ikapita hivyo hivyo. Ukasema Naim amekusahau, ukamkataa kila aliyekuja kuposa, nami nikikusikiliza tu. Nilikukosea vibaya sana. Nisamehe, dada yangu.

Naim aliomba namba yako, sijampa. Nilimweleza kwamba kosa ni langu. Akasema nikuandikie kwamba bado anangoja jibu.

Mke wangu na watoto wanakusalimu. Nifikishie salamu kwa shangazi Mulki na majirani wote.

Nduguyo mkosaji,
Hamid