Nusu Ingine Iko kwa Watu

Bukavu, 21 Januari 2024

Papa mupenzi,

Barua hii ikukute umeamuka muzuri, na ule mugongo yako ikuwe imekuachilia kidogo. Sisi huku hatuna malalamiko. Mvua inatupiga kila siku, lakini nyumba iko imara, na tante Rosette anasema yeye, dada yako, hajakusahau hata kama wewe unamusahau.

Minaandika haraka juu Sista Delphine anapanda ndege ya Shabunda kesho, na ameahidi kutafuta motard wa kukufikishia barua na pikipiki mpaka ku centre de santé yako. Ningekupigia simu, lakini kwako réseau haifike, na hii habari haitaki kupita mu kinywa ya muntu mwengine.

Papa, unisikilize mbele ya kukasirika. Niliacha bureau ya ONG ya misaada. Sasa niko natumika kazi ku télé.

Siyo kusoma habari. Ni émission, kipindi ya kuchekesha, inapita kila Jumamosi jioni. Jina yake ni Biro ya Vivuli. Muntu anaingia kutafuta kivuli yake yenye ilipotea. Nyuma ya meza kuko Directeur, na Directeur ni mbuzi. Mbuzi ya kweli, na kravati. Hakuna muntu anashangaa. Placide anacheza katibu, anategea sikio, kisha anatafsiri: « Monsieur le Directeur anasema urudie Jumatatu. » Watu wanacheka mpaka wanashika tumbo, juu mu muji huu nani hajasimama mbele ya ile mbuzi?

Kuko Muzee Kesho, alikuya kupanga mustari mbele azaliwe, na zamu yake haijafika. Kuko Bijou, anafagia mwangaza ya dirisha, anaijaza mu ndoo, anaenda kuimwaga inje. Na mimi niko Maman Nusu. Ninasema nusu ya maneno tu. « Bwana katibu, leo niliamuka, nikafungua mulango, nikaona… » Kisha kimya. Placide anauliza: « Uliona nini, maman? » Najibu: « Njo hivyo. Nusu ingine niliiacha juu ya moto. »

Usiniulize maana yake. Hata Monsieur Steve, mukubwa wa programme, hajui.

Unibariki hata kama umekasirika.

Mutoto wako,
Laurette


Ng'ambo ya mto Ulindi, 25 Februari 2024

Mwana wangu Laurette,

Salamu nyingi kutoka pori. Mugongo unaendelea kuniheshimu asubuhi na kunidharau magaribi. Malaria iko nyingi, lakini dawa tuko nazo bado, Mungu ashukuriwe. Umwambie Rosette sijamusahau. Ni miguu yangu njo imesahau njia.

Ndiyo, nilikasirika. Mutoto niliyemusomesha mpaka licence ya chuo kikuu anaenda kupiga ripoti kwa mbuzi! Nilikunja barua, nikaiweka mu mufuko, nikaenda kupima wagonjwa nikiwa nimenuna.

Lakini Virginie, mukunga wetu, aliniuliza juu ya nini nacheka peke yangu. Sikujua kama nacheka. Nikamusomea. Akaniomba nisomee na wamama wenye walikuwa naikaa ku baraza wakingojea chanjo.

Mbuzi haikuwachekesha. Huku mbuzi zinaingia mu bureau kila siku. Lakini nilipofika kwa ile Maman Nusu yako, nikasoma: « nikafungua mulango, nikaona… », nikatulia kidogo nigeuze karatasi. Mama mumoja mwenye mapacha, muntu wa kunyamaza sana, akasema polepole: « …nikaona dunia iko pale bado. »

Laurette, wamama wote walimugeukia.

Kisha mwengine akaweka yake, na mwengine. Zagabe, ule kijana wa Walungu mwenye aliangukiwa na jiwe mu shimo la dhahabu, akapiga kelele kutoka ku kitanda: « …nikaona dhahabu imesimama inje, nikafunga mulango tena! » Hapo watu wakacheka mpaka watoto waliolala wakaamuka.

Nimetumika mu centre hii kutoka ungali kasichana. Nimeona watu wakipona na nimeona wakikufa. Ile baraza ya siku ile sikuwa nimeiona.

Kazi hiyo bado sijaikubali. Lakini tuma maneno mengine ya ile mama. Wananiuliza kila asubuhi.

Baba yako,
Benoît


Bukavu, 14 Aprili 2024

Papa,

Natumaini barua hii inakupata na nguvu, na mama wa mapacha pia, na Zagabe. Sisi tuko wazima, isipokuwa Directeur wetu: alikula karatasi za Placide na tumbo ikamuuma.

Nilisomea wenzangu barua yako mu studio. Bijou aliniomba nirudilie ile ya « dunia iko pale bado », kisha akatoka inje.

Papa, kuko kintu iko inafanyika mu muji, na sijui niseme namna gani. Ku soko ya Kadutu nikipita, wamama wananiita: « Maman Nusu, anza! » Naanza: « Mvua ilinyesha, nikasema… » Na wao wanamalizia, kila mumoja yake, nyanya mukononi. Mwanzo ilikuwa mambo ya kucheka tu.

Kisha Jumamosi moja nilisema mu émission: « Mume wangu alivaa viatu, akaniaga, akaenda… » Tukaendelea na mbuzi. Kesho yake, kisha misa ya kathedrali, mama moja wa kuvaa muzuri, kikwembe ya buluu, alinishika mukono mu watu. Akaniambia mu sikio: « …na mimi nafua shati yake kila mwezi, isikuwe na harufu ya kuachwa. »

Hakungojea jibu. Alishuka ngazi, akapotea mu watu. Nilibaki nimesimama pale mpaka sakristani akaanza kufunga milango.

Nilikuwa naona ni mimi niko nawapatia kintu. Kumbe nimewaachia fasi tu, na wao njo wanaijaza. Naogopa, Papa. Siyo woga ya mubaya. Ni ile woga ya kuingia fasi yenye viatu vinafaa kuvuliwa.

Sasa Monsieur Steve anataka kumutoa Maman Nusu. « Laurette, watu wanatuandikia vitu vya kuliza. Hii ni émission ya kucheka. Utamalizia maneno yake mara moja, arudie nyumbani, basi. » Yeye haiko muntu mubaya. Anaogopa pia. Unaniambia nini?

Mutoto wako,
Laurette


Ng'ambo ya Ulindi, 19 Mei 2024

Mwana wangu,

Nakusalimia kwa upendo. Afya iko. Zagabe bado hawezi kukanyaga, lakini mudomo yake ilishapona kabisa.

Mambo ya télé siyajui. Nakuambia ninachokiona tu. Mama wa mapacha sasa anakuya hata siku zenye hakuna chanjo. Anaikaa, anangojea nianze. Juzi nilichoka, nikasema maneno yote mpaka mwisho, mimi mwenyewe. Aliniangalia kama muntu mwenye amefungiwa mulango. Akabeba watoto, akaenda. Kesho yake niliacha nusu, na akarudia.

Usimumalizie, Laurette. Umwambie Monsieur Steve kama wenye kulia walikuwa nalia tangu mbele émission ianze. Tofauti ni kwamba sasa kuko muntu anawasikia.

Jambo lingine. Tunasikia bunduki upande wa machimbo. Watu wengine wanalala mu mashamba. Motard mwenye anabeba hii amesema hatarudia upande huu mpaka itulie. Ukikosa barua, ujue ni njia imekatika. Usifikiri mengine.

Baba yako,
Benoît


Bukavu, 30 Juni 2024

Papa,

Uko muzima? Nauliza hivi kwanza, mengine yatafuata.

Sista Delphine amerudi kutoka Shabunda na barua yangu ya mwisho mukononi. Hakupata muntu wa kuipeleka. Watu wenye walifika Shabunda wanasema kijiji yako iko tupu, na centre ilivunjwa mulango. Hakuna mwenye alikuona. Tante Rosette anasali, mimi naosha vyombo vyenye vilishaoshwa.

Hii nayo naimupatia Sista. Aichunge kule Shabunda mpaka utokee.

Laurette wako


Bukavu, 14 Julayi 2024

Papa,

Sijui utasoma hii wapi. Lakini lazima nikuambie mambo ya jana, juu yanakuhusu.

Monsieur Steve alishikilia neno lake: jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Maman Nusu. Monsieur Steve alikubali ipite en direct, moja kwa moja, watu wapige simu wamuage. Nilipaswa kuingia mu Biro, kupata kivuli yangu, kusema maneno moja kamili, kutoka. Nilikuwa nimeyashika kichwani.

Nikasimama mbele ya mbuzi. Placide akauliza: « Leo unatafuta nini, maman? » Nikafungua kinywa, na maneno ya kushika hayakukuya. Nikasema: « Papa yangu iko… »

Sikuendelea. Haikuwa mchezo. Placide alijua, akasahau mistari yake. Bijou alisimama na ndoo yake. Mbuzi ikaendelea kutafuna.

Kisha simu ikalia. Muzee mumoja wa Luberizi, mulimaji wa mupunga, alijitambulisha pole pole kama mu tribunal, akasema: « …iko amepumuzika pembeni ya maji. Anakunywa kidogo. Atasimama tena. » Akakata.

Ikalia tena. Mama mwenye anauzisha samaki kule Minova: « …iko anatembea, na mutoto wa mwengine mu mugongo. »

Msichana wa Panzi, anaitwa Nathalie: « …iko anakasirika juu binti yake anaongea na mbuzi! » Tukacheka, Papa, sisi wote, na machozi ilikuwa inashuka. Kisha wengine, na wengine. Hawakujui. Hawakuuliza jina yako, wala kabila, wala uko upande wa nani. Kila mumoja alikubeba hatua kidogo, akakupatia mwengine. Saa ya habari ilifika, na Monsieur Steve, nyuma ya kamera, alikuwa nafanya na mukono: endelea, endelea.

Leo asubuhi aliniambia Maman Nusu hatoki.

Nimekuwa nasali tangu utoto, na sikuwa nimesikia watu wanajibu.

Laurette


Shabunda-centre, paroisse, 8 Septemba 2024

Mwana wangu Laurette,

Niko muzima. Nasema hivyo kwanza. Virginie iko muzima, mama wa mapacha na watoto wake pia. Mugongo nao umenifuata.

Siku watu wa bunduki walipoingia, tulitoka na wagonjwa kupitia nyuma ya bananeraie, lile shamba ya migomba. Zagabe tulimubeba ku tshipoyo, machela ya miti. Alitutania njia yote, eti sisi ni taxi ya bei kali. Kidonda ikaoza, na dawa zilikuwa zimebaki nyuma ku centre. Alikufa mu mikono yangu asubuhi moja ya jua safi, tukamuzika chini ya muti mukubwa, nikaweka jiwe. Nitaandikia familia yake Walungu mimi mwenyewe.

Tuliikaa mu pori muda murefu. Tulipotokea hapa, kijana mumoja mwenye duka ya mafuta aliposikia nataja binti yangu Laurette wa télé, aliacha mashine inamwaga mafuta. « Ni wewe Papa wa Laurette? Sisi tulipiga simu! » Walikuwa wameikaa kundi zima mbele ya télé moja. Alinipiga mabusu kama ndugu, muntu nisiyemujua. Kisha Sista Delphine akanipa barua zako zote pamoja, nikaenda kuzisoma ku ngazi ya kanisa.

Sasa sikiliza. Muzee wa Luberizi alikosea. Wakati ule hatukuthubutu kukaribia maji. Lakini katikati ya Julayi mama wa mapacha alikuwa na homa kali, Virginie akabeba mutoto mumoja, na mimi nikabeba mwengine mu mugongo, siku baada ya siku, kutoka asubuhi mpaka jua kushuka. Mama yule wa samaki wa Minova hajawahi kuniona. Mimi ni infirmier, neno muujiza silitumii ovyo. Nilisoma ile mistari, nikaondoa lunette ku macho, nikaikaa tu. Watu walitoka misa, wakanizunguka, wakapita.

Nitarudia kule. Kuta ziko, mulango tutatengeneza. Lakini wamenipa congé ya kupumuzika, na rubani amenikubalia fasi Ijumaa. Ukuye ku kiwanja ya ndege ya Kavumu na Rosette. Mutanitafuta kidogo: nimekonda, ndevu imekuwa nyeupe, na viatu ni vya kuomba.

Laurette, usilie mbele ya watu. Uniachie mimi hiyo.

Baba yako mwenye anakuya,
Benoît