Chubwi Mbili za Usukani

Jumanne, 13 Novemba 2018. Mwaka wa hamsini na nne tangu niondoke Unguja. Nje baridi kavu, na kahawa niliyoichemsha asubuhi ingali kikombeni, haijaguswa.

Leo amenipigia simu binti yake Makame.

Jina hilo sikulisikia miaka mingi. Mkono ulioshika simu ulikufa ganzi, kama ulivyokuwa ukifa zamani njia ya Chwaka.

Mimi na Makame tulikuwa na pikipiki moja kuukuu, tumeinunua kwa ubia. Mimi nikifundisha skuli ya Chwaka. Yeye akinunua samaki pwani huko huko na kuja kuwauza mjini. Kwenda naendesha mimi, yeye nyuma. Kurudi anaendesha yeye, mimi nyuma na pakacha la samaki mapajani. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, vyama havijatugawa.

Pikipiki ile ilikuwa na mtetemo. Mwendo wa polepole haikuwa na neno. Tukishapita Dunga, barabara ikinyooka na mimi nikiongeza mwendo, usukani ulianza kuvuma mikononi kama mzinga wa nyuki. Nikifika skuli vidole si vyangu, chaki inanitoka. Makame alikuwa akichungulia dirishani kabla hajashuka pwani.

"Mwalimu, hiyo moja uliyoiandika mbona inacheza ngoma?"

Wanafunzi walicheka. Na mimi nilicheka.

Kwanza tulililaumu pakacha, lakini asubuhi pakacha halikuwamo na mtetemo ulikuwamo. Nikasema tusibahatishe. Siku moja, kwenye mteremko, nilishika klachi nikaiachia injini ipumue taratibu, huku pikipiki ikienda kwa kasi ile ile. Mtetemo wa haraka ukakatika. Ukabaki mwengine, wa kuvuta na kuachia, unaofuata gurudumu. Kumbe tulikuwa na maradhi mawili: moja la injini, jengine la mnyororo.

La mnyororo tulijitakia. Tulikuwa tukiupaka mafuta ya nazi, kwa sababu kila kinacholia kwetu hupakwa mafuta ya nazi: bawaba za milango, cherehani, magoti ya wazee. Yalishika mchanga wa njiani yakaganda, na pingili zikakakamaa. Mama yangu alitukuta uani tumeinama, akasimama na ungo wake.

"Mnatengeneza pikipiki au mnamsinga bi harusi?"

"Bi harusi mwenyewe anatikisika, Bi Mkubwa," Makame akamjibu. "Tunamtuliza."

Tuliuosha mnyororo kwa mafuta ya taa, tukautia grisi. Boliti zinazoishika injini kwenye fremu zilikuwa zimelegea. Tukazikaza na kuzitia washa mpya. Mtetemo ulipungua, haukwisha. Ndipo Makame akaja na chubwi mbili, zile risasi wanazofunga wavuvi ili mshipi uzame. Akazigonga ndani ya ncha za usukani, moja kila upande, akaziba kwa vipande vya mti.

"Usukani mwepesi hutetemeshwa na kila kitu," alisema. "Tia mkono sasa, Mwalimu."

Tangu siku ile nilifika Chwaka na vidole vyangu. Asiyejua angedhani injini imetulia. Haikutulia. Risasi ziliuzuia mtetemo usifike mkononi, basi.

Kisha ukaja uchaguzi. Yeye akashika chama chake, mimi changu. Mwanzo tulitaniana juu ya pikipiki ile ile. Baadaye watu wakaanza kumuuliza anapandaje nyuma ya mtu kama mimi. Asubuhi moja nilimngoja mlangoni pake, injini inalia.

"Tangulia, Mwalimu. Mimi ntapanda gari la shamba."

Alisema hivyo huku akitazama ukuta.

Mwaka ule ule mama yangu alifariki.

Kwetu jeneza likipita huulizi la nani. Unainuka unatia bega, japo hatua chache, halafu mwengine anakupokea. Hata mgeni aliyeshuka melini jana hulijua hilo. Makame alikuwa amekaa barazani na wenzake wa chama. Mtu huyu mama alimlisha. Akija kwetu, kipande kinono cha samaki kilikuwa chake. Tulipita karibu hata nikauona mshono wa kofia yake. Akainamisha uso akatazama viganja vyake.

Hakuinuka.

Nilipoihama nchi, pikipiki niliiacha uani. Leo ndiyo nimejua kuwa aliichukua yeye, na kwamba ilipokufa alizitoa zile chubwi akaziweka.

"Shikamoo, ami," binti yake alianza.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba yu kitandani, hali yake si nzuri. Chubwi zenu ziko chini ya mto wake. Anasema uje uzichukue. Na anasema siku ile alitaka kuinuka."

"Alitaka."

"Ndivyo alivyosema, ami. Nimjibu nini?"

Nikamwambia amwambie nimemsamehe, na Mungu amfanyie wepesi. Akalia, akanishukuru, akaniuliza nitakuja lini. Nikasema tutaona.

Nilitia risasi usukanini tena. Injini naijua mwenyewe.

Nikienda sasa, huenda nikamkuta hai. Huenda pia nikalikuta jeneza lake linatoka mlangoni. Na mimi najijua. Kwa malezi ya mama yangu, likipita nitainuka, nitatia bega, nitampa Makame kile alichomnyima mama. Mchana kutwa nimejitafutia namna ya kukaa vile alivyokaa, nimeshindwa kuipata.

Kwa hiyo nitabaki huku, kwenye njia ambayo jeneza lake halitapita.

Sitorudi Unguja.