Maoni ya Mama Mmoja

3 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi tupo, ila mtoto ana kikohozi kidogo kinachokuja alfajiri na kuondoka na jua.

Nakuandikia kwa sababu simu imeibiwa. Usishtuke na haya yanayofuata. Hatuko tena kwenye kile chumba. Mwenye nyumba ameuza, na mnunuzi akatupa siku saba. Baba wa mtoto alikwenda kutafuta kazi tangu Desemba na namba yake haipatikani. Tuko kwenye ukumbi wa wasio na makazi, vitanda arobaini, wanawake upande wa madirisha. Mwisho wetu ni tarehe 30 Aprili. Baada ya hapo, kama sina mahali, ofisa wa ustawi wa jamii amesema mtoto atapelekwa makao ya watoto kwa muda. Nikamwuliza muda gani. Akafunga faili.

Siombi kitu. Najua mna vyumba viwili tu. Nimetaka ujue tuliko.

Mdogo wako

14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, pole sana na kikohozi cha mjomba wangu mdogo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikasahau kukaa.

Sasa sikiliza, na usinicheke. Ofisi yetu imepewa kazi ya kusanifu upya kumbi kama hiyo yenu, na mimi ndiye ninayechora vitanda. Nimebuni kitanda chenye kuta tatu za mbao, mtu apate faragha. Nimekipima kwa kulala ndani ya maboksi sakafuni, wenzangu wakacheka hadi machozi. Wewe uko ndani, unaona tusiyoyaona. Niambie kinachokosekana.

Hilo la tarehe 30 tutaona.

Kaka yako

22 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo. Mtoto ameota jino, anaujaribu ukali wake kwenye kidevu changu.

Kitanda chako ni kizuri. Kinamfaa mwanamume mmoja asiye na mtoto wala mzigo. Humu hayupo wa hivyo.

Humu kila mtu analala na mali yake. Mimi napitisha mkono mmoja ndani ya mkanda wa begi, wa pili namshikia mtoto. Nikiamka sina mkono hata mmoja. Yote miwili imekufa ganzi, mtoto analia, nami namtazama nikisubiri mikono irudi. Ndani ya begi mna cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Vikipotea, nitamthibitishiaje ofisa kwamba huyu ni wangu?

Jirani yangu ni bibi mmoja tunayemwita Kamanda, kwa vile ndiye anayepanga foleni ya bafu. Nilimsomea barua yako. Akasema, "Mwambie kaka yako droo. Droo chini ya kitanda, ufunguo shingoni. Na asituletee picha za maua ukutani, tutamrudishia."

Umeandika tutaona. Nani ataona, kaka? Siku zinakwenda.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Habari za huko? Huku salama. Droo imepita! Niliwasomea lile la mikono kwenye kikao. Bosi akasema hajawahi kusikia maoni ya maana kama hayo. Mpe Kamanda salamu, mwambie na maua nimeyafuta.

Naandika haraka, tunakimbizana na michoro.

Kaka yako

11 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Ya afya nitayaandika mwisho.

Juzi alikuja dada mmoja kutoka ofisini kwenu, na vibao vikubwa vya kubandika ukutani. Kimoja kimeandikwa: "Nikiamka sina mkono hata mmoja. Maoni ya mama mmoja." Kamanda alikisoma kwa sauti, kisha akanigeukia. Nikamwuliza yule dada, mama huyo ni nani? Akasema, "Hatumjui. Kuna mwenzetu alimhoji mahali."

Ulinihoji mahali, kaka. Tulilala shuka moja mpaka nilipofika darasa la nne.

Kama unaona aibu, sema. Mimi pia ninayo, tunalala nayo kitanda kimoja. Lakini mimi si maoni. Mimi ni mdogo wako.

Usinielewe vibaya. Walileta na droo moja ya majaribio, tukapiga kura, ikaniangukia mimi. Usiku ule nilimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, mara ya kwanza tangu tuingie humu. Droo imesaidia, na anayesema haisaidii hajalala hapa. Ila ofisa hakuniuliza cheti kitalala wapi. Ameuliza mtoto atalala wapi.

Ndani ya bahasha hii mna fomu. Inataka ndugu wa kutupokea: jina lake, uhusiano wetu, anwani, simu ya kazini na sahihi. Niliandika siombi kitu. Nilikudanganya. Naomba.

Kikohozi kimekwisha.

Mdogo wako

24 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Siku kumi na tatu kimya. Sijui kama barua imepotea au umeisoma. Naombea iwe imepotea.

Ofisa amepita leo, akampima mtoto nguo kwa macho, akaandika. Kamanda ananiambia, "Panda basi umfuate hukohuko." Nitapandaje? Nikilala nje usiku mmoja nafasi inapewa mwingine, na wewe ukiwa hukufungua mlango, nitarudi wapi naye?

Zimebaki siku sita.

Mdogo wako

27 Aprili

Mdogo wangu,

Fomu hii hapa, imejazwa. Nimeituma kwa dereva wa basi ili iwahi.

Barua yako ilikaa kwenye koti langu. Kila siku nilikusudia kesho. Wifi yako aliikuta akifua, akaisoma yote, akaja nayo mezani kwangu, mikono bado ina povu. Akauliza, "Utawachorea mpaka lini?" Nikachukua kalamu. Watoto watalala chumbani kwetu.

Bosi bado sijamwambia. Mara mbili nimeshika kitasa cha mlango wake nimwambie, nikaishia kuomba mkasi.

Njooni tarehe 29. Nitakuwa kituoni tangu asubuhi.

Kaka yako

6 Mei

Kaka,

Sikusalimii, tumesalimiana asubuhi mlangoni mwa bafu. Nakuachia hii mezani kwa sababu ninakwenda kliniki na ukirudi utanikuta nimelala.

Meza yako ya kuchorea tumeihamishia barazani. Usimgombeze wifi, upande wa pili niliushika mimi.

Ofisa wa huku amekuja leo. Amemwona mtoto, ameona godoro, amefungua mpaka dirisha akalifunga tena. Hajaandika kwamba tumepita. Anasema amebakiza jambo moja: kesho saa nne asubuhi atapiga simu kwenye namba ya kazini uliyoiandika kwenye fomu. Anayeipokea ni bosi wako. Atamwuliza kama anajua kwamba mfanyakazi wake anaishi na mdogo wake wa kike na mtoto, waliotoka ukumbini.

Bosi wako akijibu hajui, ofisa atahesabu kwamba hapa tumepita njia tu, faili litarudi lilikotoka na mtoto atapelekwa makao.

Siwezi kukusemea hili. Mwambie kabla ya saa nne.

Mdogo wako