Salamu za Sagini

Sosiot, Kericho

Kwa mwanangu Moureen,

Pokea salamu za mama yako. Natumaini huko kwa Waarabu uko mzima na hao matajiri wako wanakuacha ulale. Mimi nipo. Goti ni lile lile, ng'ombe amezaa ndama jike, na mvua imenyesha mpaka chai inatushinda kuchuma. Barua hii nimempa Fancy wa jirani, kwa kuwa likizo yake imeisha na anarudi huko kwenu kazini, akuwekee mkononi. Usiulize kwa nini sikupiga simu. Soma kwanza.

Ni habari ya mwanao Sagini, bwana yangu mdogo mwenye jina la baba yako. Unajua nilivyomtukana alipoanza kazi ya kompyuta. Nilimwambia mwanaume mzima hashindi kitandani na laptop mapajani wenzake wakibeba vikapu. Akanijibu kwa heshima kwamba anafunza mashine ya Wazungu kuandika programu. Inaandika, yeye anasoma, anaionyesha ilipokosea, inarudia. Nikamuuliza kama ni mwanafunzi mzuri. Akacheka, akasema ni mbishi kama mimi. Hapo nikaelewa, maana hata mimi nimefunza wasichana wengi kuchuma majani mawili na chipukizi, na vidole nimewachapa.

Basi baada ya Pasaka hao Wazungu wakamfungia akaunti ya kazi. Walisema kazi anayotuma si yake, ati anaandikiwa na mashine. Mashine gani, kama si hiyo aliyoifunza mpaka ikaandika kama yeye? Wanamwita mwizi, huyu mtoto ambaye hajawahi kuchukua hata ndizi ya mtu! Nilifunga kitambaa changu cha kanisa, nikamwambia anipeleke kwa huyo mkubwa wao. Karani wa kupima chai akikataa majani yangu mimi humshika shati, tunagombana, mwishowe anapima. Sagini akaniambia hakuna ofisi, hakuna mtu wa kushika shati, hata ile barua ya kumfukuza iliandikwa na mashine. Nikakaa tu na kitambaa changu kichwani.

Tangu siku hiyo amegeukia ukuta. Uji namwekea, unapoa. Ndevu zimemjaa kama mfungwa. Nimemgombeza, nimemwombea, nimemwimbia zile nyimbo za utotoni mwake. Hageuki.

Najua utasema ninatia chumvi, kwa sababu kila asubuhi unapata meseji yake tamu. Fancy ameniambia unazisomea wenzako, unawaambia mwanao siku hizi amejua kukupenda. Moureen, kaa chini. Si yeye. Nilimuuliza anakuandikiaje wewe wakati mimi hanisemeshi. Akanijibu bila kugeuka kwamba aliifunza simu ikuandikie yenyewe, na kwamba inakusalimia vizuri kuliko yeye.

Nimelia, mama yangu, mimi ambaye hata kwa mazishi ya baba yako nilijikaza.

Sasa usimwandikie, utajibiwa na hicho kitu. Piga simu yangu. Nitamwekea sikioni hata akikataa, bado nina nguvu za kumshika. Mwite jina lake. Ukitaka kulia, lia asikie.

Wasalimie wote mnaosali nao huko. Mwandiko nisamehe, shule niliachia darasa la tatu na kalamu inateleza. Lakini ni mkono wangu, hakuna aliyenisaidia.

Mimi mama yako ninayengoja simu,
Nyaberi