Kuku Amemtaja Noela

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada lakini jina langu usilitoe, na ya humu yote nimeyabadili, maana Katoro hii kuta zina masikio, na hata wewe sina hakika kama humjui bosi wangu. Mimi ni mpishi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu, nina mtoto mchanga ananyonya, na wiki mbili zilizopita msimamizi wetu, Nasibu, alinitoa jikoni nikachome dhahabu yenye zebaki kwa sababu mchomaji kaacha kazi, nikamwambia nanyonyesha, moshi ule utamdhuru mwanangu, akajibu, "Kama zebaki inakutisha kanyonyeshe kwako, hapa kazi huna," na aliyekuwepo ni Noela tu, mpishi mwenzangu, alikuwa anasonga ugali. Kesho yake mlinzi akanizuia getini. Nilitaka kwenda kwa Mageni, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi, ila nimemwona kwa macho yangu anakula sahani moja na Nasibu huku wanacheka, sasa huyo si ndiye atakayepeleka maneno? Shangazi akanipeleka kwa mganga, akachinja kuku, akamsoma matumbo, akasema aliyenichongea ni mwanamke ninayepika naye chungu kimoja, na kweli Noela yuko jikoni mpaka leo, mimi niko nje. Simu zake sipokei. Juzi kaniletea uji wa ulezi nikaumwaga mbele yake, maana sijui kaweka nini, na chupa yake bado iko kwangu. Sina amani, mshauri. Nimwamini nani, na nitarudije kazini?

Mama Dorah, Katoro

Marahaba, Mama Dorah. Bosi wako simjui, na ningemjua ningemwambia haya haya. Pole sana. Zebaki uliikataa vizuri. Sheria haimruhusu mwajiri kumpa mama anayenyonyesha kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na mtu hafukuzwi kwa mdomo wa mlinzi getini. Hapo niko upande wako.

Kwa mengine nakugombeza. Bila shaka ulimweleza mganga kwamba wewe ni mpishi, naye akakutajia mpishi. Kuku wa watu kafa bure. Noela amebaki jikoni kwa sababu hakuna aliyemwambia akachome zebaki. Na Mageni, ulitaka asile na mtu ndipo akufae? Mpe malalamiko yako kwa maandishi, ubaki na nakala. Akiyakalia, hapo mshuku, utakuwa na sababu.

Ila usimngoje. Nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya mkoa wenu ukajaze fomu ya mgogoro, na uwahi, maana aliyeachishwa kazi ana siku thelathini tu, nawe nusu umezimalizia kwa mganga. Beba kadi ya kliniki ya mtoto. Watakuuliza nani alimsikia Nasibu akikufukuza, na kuku haitwi kutoa ushahidi.

Aliyesikia ni mmoja tu, yule ambaye uji wake uliumwaga. Akisema ukweli naye anaweza kukikosa kibarua, kwa hiyo usiende kumwamuru, nenda kamwombe radhi. Nenda leo, kabla ya Mageni na kabla ya Tume. Osha ile chupa, umrudishie kwa mkono wako, kisha ukae chini umsikilize alikuwa anakupigia simu kukuambia nini.