Kuku wa Baba

Jumatano, 6 Agosti
Nimefagia banda, nimemwaga mtama, nimebadilisha maji. Kuku hawajui kama Baba amekufa. Wanakula tu.
Jumamosi ni arobaini yake. Shangazi Neema ameshafika hapa Kinampanda na ameanza kuamuru watu. Anataka tuchinje hawa hawa. Nimekataa. Baba aliacha chuo kikuu akarudi kijijini kwa ajili yao. Miaka yote hiyo bila chanjo, bila damu ya nje. Kideri, tauni ya kuku, kikipita, waliobaki ndio wazazi wa kizazi kinachofuata. Alitaka kuonyesha kwamba nguvu hurithiwa, kwamba viumbe hubadilika mbele ya macho yetu. Kanisani walimwita mzee wa nyani. Hakuwahi kufuga nyani.

Alhamisi, 7 Agosti
Kideri kimeingia kijiji jirani. Afisa mifugo alipita na pikipiki, chanjo kwenye kasha la barafu. "Dada, chanja leo. Kesho utanitafuta." Nikichanja, sitajua tena nani kapona kwa nguvu yake mwenyewe. Kazi ya Baba itaishia hapo. Nimemrudisha.

Jumamosi, 9 Agosti
Arobaini. Ibada ndefu, watu wengi. Kila aliyetoka mbali alikuja na kuku kwapani, miguu imefungwa. Kwetu kuku wa mgeni hakataliwi. Ukimkataa umemtukana aliyemleta. Wangapi waliharakisha kuwatoa kabla kideri hakijawaua? Niliwafungia jikoni, mbali na banda.
Jioni nikakuta Shangazi amewafungua, amewachanganya na wa Baba. Eti aliwaonea huruma. Ni dada wa Baba. Ningekuwa na ubavu ningemfukuza.

Jumatano, 13 Agosti
Kuku mmoja wa Baba amesinzia kutwa. Mabawa chini. Kinyesi kijani.
Basi.

Ijumaa, 15 Agosti
Wanakufa. Shingo zinapinda, wanazunguka, wanaanguka. Nafukia, narudi, nakuta wengine. Kwa majirani hivyo hivyo. Nimempigia afisa mifugo. Chanjo haimsaidii aliyekwisha kuugua. Hakunisema hata kidogo, na hilo ndilo limeniuma.
Nina hasira na Baba. Amenirithisha imani yake bila kuniuliza.

Jumapili, 17 Agosti
Sikwenda kanisani. Shangazi alishika jembe akanisaidia kuchimba. Akauliza, "Kaka yangu alikuwa anajua kitu, au ni ukaidi tu?"
Kuku wa wageni wamekwisha wote. Wa Baba wamebaki majike sita na jogoo mwekundu. Hao sita hawakuugua hata siku moja. Jogoo amekataa mtama.

Jumatatu, 18 Agosti
Jogoo amekufa.

Alhamisi, 28 Agosti
Asubuhi kimya. Kitongoji kizima hakuna jogoo, watu wanaamka kwa mazoea tu.
Sita bado wazima. Kwa hiyo Baba hakuwa anaota. Lakini nikileta jogoo wa nje kutoka Kiomboi, ukoo wa kuku wake ndio umekwisha.
Mmoja ameanza kuatamia. Mayai mengine yalitagwa jogoo akiwa bado mzima, huenda yana mbegu yake; mengine baadaye sana, huenda hayana kitu. Baba angeyatia alama kila moja. Mimi nilikuwa shimoni nafukia, nikayaacha yakachanganyika.
Nimemsogezea maji. Nimefunga mlango wa banda polepole, asishtuke akatoka.