Kwa Miguu Kutoka Mpemba Hadi kwa Esteria

Jumanne, 15 Julai 2014. Baridi kali, upepo wenye vumbi. Mwili umeishiwa nguvu, na roho haina hata nguvu ya kulalamika.

Leo nimetembea kutoka nyumbani kwangu Mpemba hadi mpakani Tunduma. Barabara ni moja tu, huna haja ya kukata kona. Nilipokuwa mwalimu kijana niliimaliza kwa saa moja na ushee. Leo nimetoka saa moja asubuhi nikafika saa saba mchana. Daktari alishaniambia moyo umechoka, nisiende kwa miguu hata kanisani. Hakukosea. Ila nilikuwa na neno la kumwambia mtu, na niliogopa kufika upesi.

Ndiyo maana sikupanda kitu.

Nyinyi wachache mnaosoma hapa mmezoea niwasimulie shule za zamani. Blogu hii alinifungulia binti yangu Neema, akanifundisha kubonyeza herufi moja moja. Alifariki mwaka jana. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba, nalitazama dirishani ninapoandika. Msalabani hakuna jina la Neema. Pameandikwa Esteria.

Majirani huambiwa ni jina la shule, nao huridhika. Watu wengi huku wana jina la nyumbani na jina la shule. Lakini hili lilikuwa la mtu mwingine, na aliyelichukua ni mimi.

Mwaka 1986 nilikuwa mwalimu mkuu huko Iyula. Neema alifanya mtihani wa darasa la saba na hakuchaguliwa. Kurudia darasa kulikatazwa, lakini walimu tulijua mlango wa nyuma: mtoto alirudia kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule. Tulifanyiana hivyo, na hatukuona haya. Tatizo langu ni kwamba mwaka uliofuata hakuna aliyekuwa ameacha shule. Aliyekosekana alikuwa Esteria tu, msichana mwenye akili kuliko wote darasani, aliyekuwa amevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kumuuguza mama yake. Nilijiambia hatarudi. Fomu za watahiniwa zilipofika, nilimwandika Neema kwa jina la Esteria, na jina la baba wa Esteria likawa la baba wa mwanangu.

Esteria alirudi mwezi wa tano, madaftari yake kwenye mfuko wa mbolea. Nilimwambia amefutwa kwa utoro.

Wiki nzima alisimama nje ya dirisha la darasa akisikiliza. Ndani, mwanangu aliitwa Esteria na kuitika. Siku ya sita nikamfukuza.

Neema akafaulu. Akawa muuguzi, mzuri kweli, miaka mingi, mbali na hapa. Alipougua, wauguzi wenzake walimwita Esteria pale kitandani, naye akaitika kama alivyozoea. Siku tatu kabla hajakata roho aliniuliza, "Baba, nikifika huko wataniita nani?"

Nikamrekebishia shuka. Jeneza likaja na msalaba ulioandikwa tayari, nami nikaupokea hivyo hivyo. Baadaye nikaujengea kwa saruji, jina lile lile.

Basi leo nimetembea. Malori yamepanga foleni kuanzia karibu na kwangu, madereva wanachemsha chai chini ya matela, mashati yamening'inia kwenye vioo. Mimi naikumbuka barabara hii ikiwa na mahindi pande zote mbili. Soko huria lilipokuja mahindi yakaondoka, yakaja maduka, gesti, ofisi za mawakala wa forodha. Na katika kila mlango wa pili kuna mwanafunzi wangu. "Shikamoo, Mwalimu!" Muuza simu, fundi cherehani, mwanamama wa duka la vitenge. Zamani shikamoo hizi zilinirefusha. Leo kila moja ilinipunguzia hatua.

Pale Sogea, mji ukianza, nilikaa kwenye jiwe karibu saa nzima. Kijana wa bodaboda akanipigia honi. "Babu, panda! Hiyo fimbo itachoka kabla yako." Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikafikiri kurudi. Nusu saa nzima nilifikiri kurudi tu.

Esteria anauza chakula karibu na geti la mpaka, chini ya turubai la bluu, jirani na wabadilisha fedha wanaopunga mafungu ya kwacha. Miaka yote nilijua yupo pale. Nilikuwa nikipita ng'ambo ya barabara.

Nilipofika alikuwa anagombana na dereva wa Kizambia aliyekuwa analalamika kwamba ugali wake ni mdogo.

"Mama, na ubwali huu unataka nife hapa hapa Tunduma?"

"Ukifa hapa, shaba yako nani ataifikisha Dar? Kula kwanza, halafu ukafie kwenu, wenyewe wapo."

Watu wakaangua kicheko. Kisha akaniona. Akafuta mikono kwenye kanga, akapiga goti kidogo, kama nilivyowafundisha.

"Shikamoo, Mwalimu. Pole na msiba."

Nikakaa kwenye benchi. Maneno niliyoyapanga njia nzima, kwa aya, kama mwalimu, yalinipotea yote. Nikasema tu, "Mwanangu, ule mwaka. Hukufutwa kwa utoro."

"Najua."

Alisema huku anapakua maharage.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana, redio iliposema kwenye matangazo ya vifo kwamba nimekufa. Esteria, jina la baba yangu, mzaliwa wa Iyula. Shangazi zangu walivuka kutoka Nakonde wanalia, wakanikuta nafua. Tulicheka siku ile, Mwalimu, tukacheka mpaka basi. Jioni ndiyo nikakaa nikafikiri."

Nikamwomba msamaha. Nilisema neno lenyewe, samahani, mara mbili.

Hakusema amenisamehe. Aliniwekea sahani mbele, akaniangalia kama mtu anavyoangalia foleni isiyosogea.

"Sina cha kukujibu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, sasa nina arobaini na miwili. Akujibu yupi kati ya hao? Ila kitu kimoja nakuomba. Toa jina langu kwenye lile kaburi. Mimi bado nalitumia."

Kisha akasema, "Kula, Mwalimu, kitapoa."

Nikala. Maharage yalikuwa matamu, na hilo nalo liliniumiza. Dereva yule alikuwa ameacha kucheka, anatazama sahani yake.

Kurudi sikuweza kutembea. Nilipanda bodaboda, na barabara niliyojikokotea tangu asubuhi ikapita yote kabla machozi hayajakauka.

Nilikwenda nikidhani nitarudi mwepesi. Nimerudi nikijua kwamba kuungama kumenisaidia mimi tu, na hata mimi si sana. Yule msichana wa nje ya dirisha la darasa, hakuna wa kumrudisha ndani. Na wajukuu zangu, ambao vyeti vyao vyote vinasema mama yao ni Esteria, watauliza babu alikuwa mtu gani. Wasome hapa. Sitakuwepo kujitetea, na sina la kujitetea nalo.

Nimempigia fundi wa saruji, atakuja asubuhi. Atalibandua lile jina msalabani, na jipya nitaliandika kwa mkono wangu kabla saruji haijakauka: Neema, na jina langu mimi baba yake.

Mwandiko ni ule ule uliojaza fomu. Naomba tu niamke.